Seli nyeupe zimejaa kwenye damu ila haziwezi kutoka

Watu wengi wakishapewa karatasi ya FBP (kile kipimo cha kuhesabu seli za damu) macho yanaenda moja kwa moja kwenye mstari wa WBC, yaani seli nyeupe, na namba ikiwa juu kuna wanaoogopa na kuna wanaofurahi, wanaofurahi wanasema si ndo kinga inapigana hiyo. Mi nafanya kazi maabara na hilo swali naulizwa sana, na kila nikijibu naona jibu fupi halitoshi, kwasababu ile namba inakwambia tu seli nyeupe ngapi zilikuwa ndani ya mshipa muda ule sindano inaingia. Haikwambii kama zinaweza kutoka. Na kazi ya seli nyeupe haiko kwenye damu jamani, damu kwao ni njia tu, kazi iko huko nje kwenye nyama, kwenye mapafu, kwenye ngozi uliyojikata, kwenye tezi. Seli isiyoweza kutoka kwenye mshipa haisaidii kitu hata zikiwa laki.

Sasa kuna bakteria ambao sumu yao inafanya hivyohivyo, haiui seli nyeupe, haiitoboi, inaiondolea tu uwezo wa kujua iende wapi. Nataka niongelee hilo leo na nitakaa sana kwenye kifaduro, maana ndo mfano ulio wazi kuliko yote na ndo unaoniuma zaidi, unapiga vichanga.

Kwanza zinatembeaje. Mtu aliyeliona hili mapema ni Élie Metchnikoff, mzaliwa wa eneo ambalo leo liko Ukraine. Mwaka 1882 akiwa Messina, kisiwani Sicily, alichukua watoto wa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, ambao wakiwa wachanga hivyo miili yao inaonyesha hadi ndani, akawachoma miiba midogo akawaacha usiku kucha, asubuhi akakuta seli zimeuzunguka mwiba. Hakuna aliyezipeleka pale, zimeenda zenyewe. 1908 akapewa Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Kwetu sisi binadamu, za kwanza kufika kwenye tukio ni nyutrofili, kwa mtu mzima mwenye afya ni kama asilimia 50 hadi 70 ya seli nyeupe zote, uboho unazitengeneza kama bilioni 100 kwa siku, na usaha unaoukamua kwenye jipu kwa sehemu kubwa ndo hizohizo zimefia kazini.

Kutoka kwenye mshipa si kitu rahisi. Damu inaenda kasi, kwahiyo ukuta wa mshipa ulio karibu na maambukizi unatoa vishikio vinaitwa selektini, seli ikipita inaguswaguswa, inapunguza mwendo, inaanza kubingirika ukutani taratibu. Lakini kubingirika peke yake hakutoshi. Palepale ukutani kuna kemikali za wito, kemokini, na seli ikizihisi ndo inawasha vishikio vyake yenyewe vilivyo vikali zaidi, integrini, inaganda, inajibana, inapenya katikati ya seli za ukuta inatokea upande wa pili. Ikishatoka inaendelea kufuata dalili, zingine za mwili na zingine za bakteria mwenyewe. Mwaka 1975 Elliott Schiffmann na wenzake walionyesha kwamba vipande vidogo vya protini vinavyoanza na formili-methionini, aina ambayo bakteria wanaitoa, vinaivuta nyutrofili. Mwendo wake ni kama maikromita 10 na zaidi kwa dakika, yaani kila dakika inasogea kama upana wa mwili wake, na inageuka, inakata kona, inaacha njia moja inashika nyingine.

Kinachofanya yote haya yawezekane ni protini moja ndogo inaitwa Gi, imekaa upande wa ndani wa ngozi ya seli. Kipokezi kiko nje, kikishika kemokini kinaigusa Gi, na Gi ndo inapeleka habari ndani ili seli ijue mbele ni wapi. Vipokezi vya kemokini viko aina nyingi sana lakini karibu vyote vinapitia kwa huyu mmoja. Ukikaa ukafikiria utaona hatari iko wapi, maana adui hahitaji kuziba vipokezi vyote, akimpata Gi amemaliza.

Na bakteria wa kifaduro kampata.

Bordetella pertussis alioteshwa maabara na Jules Bordet na Octave Gengou kule Brussels, wakatangaza 1906. Ni bakteria ambaye kwa kawaida haingii kwenye damu, anajishika kwenye vile vinyweleo vya njia ya hewa anakaa hapo hapo, lakini sumu yake ndo inasafiri mwili mzima. Sumu yenyewe ina vipande sita, vitano vimekaa kama kitako cha kujishikiza kwenye seli na kimoja, S1, ndo fundi. S1 akishaingia ndani anachukua kipande cha kemikali kutoka kwenye NAD, ambayo kila seli inayo, anakipachika karibu na mkia wa Gi. Basi. Gi haijakatwa, haijaharibika, seli inapumua na inakula kama kawaida, ila kipokezi kikijaribu kuigusa hakuna mawasiliano. Kwahiyo seli inabingirika ukutani, wito upo, vipokezi vipo, lakini haigandi, inabebwa na damu inaenda. Ni sawa na daladala ambayo abiria anagonga bodi anasema shusha na dereva hasikii, gari inapita kituo, inapita kinachofuata, inarudi tena kwenye mzunguko ikiwa imejaa.

Limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, ndo zinaathirika wazi zaidi. Hizi kawaida hazitulii sehemu moja, zinatoka kwenye damu zinaingia kwenye tezi za limfu (zile zikivimba tunaita mitoki), zinakagua humo, zinarudi kwenye damu, mzunguko hauishi. Sumu ya kifaduro ikizishika zile zilizo kwenye damu haziingii tena kwenye tezi, na damu inajaa. Madaktari wa Ulaya waliona tangu mwisho wa karne ya 19 kwamba mtoto wa kifaduro damu yake ina limfosaiti nyingi kupita kiasi, na walikuwa wanaitumia kama dalili ya kutambua ugonjwa, bila kujua inatokana na nini. Mtu angedhani mwili unazizalisha kwa wingi. Stephen Morse, Mmarekani, miaka ya 1960 na 1970 alifanya kazi na panya na akaonyesha kwamba sehemu kubwa siyo seli mpya, ni zilezile zilizokuwa zimetawanyika kwenye tezi na viungo vingine, sasa zimekwama kwenye damu. Mimi hilo jambo liliniganda kichwani tangu siku ya kwanza nalisoma, maana linabadilisha kabisa unavyoitazama ile namba ya WBC. Namba imepanda na ulinzi umeshuka, kwa wakati mmoja, na sababu ni ileile.

Kulikuwa na watu wengine pia wanakimbizana na kitu hichohicho bila kujua. Morse na wenzake walikuwa wanatafuta kitu cha bakteria kinachopandisha limfosaiti, wengine wanatafuta kile kinachofanya panya afe kwa histamini kidogo tu, na kule Japani Michio Ui na wenzake walikuwa na protini ya bakteria huyuhuyu inayofanya kongosho litoe insulini kupita kawaida. Ikaja kuonekana zote ni molekuli moja. Margaret Pittman wa Marekani 1979 ndo akaandika kwa nguvu kwamba kifaduro tukitazame kama ugonjwa wa sumu, na 1982 Toshiaki Katada na Ui wakaonyesha ile kemia ya kupachika kipande kwenye Gi. Maumbile yenyewe nayo yametupa jaribio lao, kuna ndugu wa karibu wa bakteria huyu, Bordetella parapertussis, analeta kikohozi kinachofanana, ana hadi jeni za hiyo sumu ila zimezimika, haitengenezi, na mgonjwa wake limfosaiti hazipandi vile.

Kwenye maabara sasa inaonekanaje. Mtu mzima WBC yake ni kama 4,000 hadi 11,000 kwa maikrolita moja ya damu, mtoto mchanga anaruhusiwa kuwa juu zaidi. Kichanga mwenye kifaduro kikali anaweza kuvuka 100,000. Namba kama hiyo ikitoka kwenye mashine kitu cha kwanza kila mtu anawaza ni saratani ya damu, na ndo maana nawaambia wadogo zangu kazini msitoe jibu la namba ya ajabu bila kuweka damu kwenye slaidi na kuangalia kwa macho. Ukiangalia unaona limfosaiti ndogo ndogo zilizokomaa, nyingine kiini chake kina kama mkato katikati, siyo zile seli kubwa changa za lukimia. Shida nyingine ni kwamba mtoto mdogo kawaida limfosaiti zake zinazidi nyutrofili, kwahiyo kupanda kwa wastani unaweza kukuruka ukaona kawaida tu. Na homa mara nyingi haipo au ni ndogo, kwahiyo hata mama anakwambia mtoto hana joto. Tena kwa watu wazima na kwa watoto waliochanjwa damu inaweza isionyeshe kitu kabisa, usije ukasema WBC iko sawa basi siyo kifaduro.

Sehemu mbaya zaidi ni mapafu. Seli laki kwenye kila maikrolita, nyingi zimekwama kwenye mzunguko, zinafika kwenye vimishipa vyembamba vya mapafu ambako kila seli inabidi ijipinde ndo ipite. Mwaka 2008 Christopher Paddock wa CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, na wenzake waliandika kuhusu vichanga waliofariki kwa kifaduro, na vimishipa vya mapafu vilikutwa vimejaa mafungu ya seli nyeupe. Shinikizo la damu kwenye mapafu linapanda, upande wa kulia wa moyo unasukuma unashindwa, oksijeni unampa mtoto na haipandi. Dawa ya azithromaisini inaua bakteria lakini haiondoi seli zilizokwama wala haifungui Gi iliyokwisha pachikwa. Ndo maana kwenye hospitali kubwa kuna madaktari wanaamua kumbadilishia mtoto damu, kama inavyofanywa kwa kichanga mwenye manjano kali, kupunguza tu hizo seli. Fikiria hiyo hali, unapunguza seli za kinga ili mtoto aishi.

Hapo usidhani nyutrofili zimepona. Nicholas Carbonetti kule Maryland na wenzake wamefanya kazi miaka mingi na panya na wakaona kwamba sumu hii inachelewesha nyutrofili kufika kwenye mapafu siku za mwanzo, muda ambao bakteria ndo anaongezeka, alafu baadae uvimbe unakuja mkubwa kuliko ambavyo ungekuwa. Na bakteria huyu ana sumu ya pili ambayo inafanya kazi karibu karibu, inaingia kwenye nyutrofili na kuijaza kemikali inaitwa cAMP hadi inalegea, haifuati dalili vizuri na ikimmeza bakteria inashindwa kumuua. Dennis Confer na John Eaton waliitangaza 1982. Ya kwanza inaenda mbali, hii ya pili inafanya kazi pale karibu na bakteria alipokaa.

Hiyo mbinu ya cAMP imenikumbusha kimeta. Wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania, Ngorongoro na huko Manyara na Kilimanjaro, wanakijua kimeta kuliko mtu yeyote, na ukimuuliza aliyewahi kuuguza mtu atakwambia kile kidonda kinakuwa cheusi katikati, pembeni kumevimba sana maji, na hakiumi kama kinavyotisha. Na hakina usaha. Watu wanapita haraka kwenye hilo la usaha lakini ndo habari yenyewe, pasipo usaha maana yake nyutrofili hazikufika kwa wingi au zimefika hazina nguvu. Bakteria wa kimeta ana sumu mbili zinazobebwa na protini moja, ya uvimbe inapandisha cAMP (Stephen Leppla aliionyesha 1982, mwaka uleule), na ya kuua ni mkasi unaokata protini za familia ya MEK ndani ya seli. Nyutrofili ikipata hiyo ya pili mifupa yake ya ndani, aktini, haijipangi upya inavyotakiwa na mwendo unakufa. Kwahiyo kidonda kinaonekana kisafi na mtu anaweza asiende hospitali mapema. Tafadhali, umechuna ng'ombe aliyekufa ghafla na baada ya siku chache una kidonda cheusi kisichouma, usisubiri kiume.

Nyingine ni kidonda cha Buruli, jina limetoka Uganda, eneo ambalo leo ni Nakasongola, na kwa majirani zetu wa Kongo kipo pande za Songololo. Huyu bakteria, ndugu wa wale wa kifua kikuu na ukoma, anatoa sumu ya mafuta inaitwa maikolaktoni, ilitenganishwa 1999. Inaziba mlango ambao seli inautumia kupitisha protini zake mpya kwenda nje, mlango unaitwa Sec61, na kati ya protini zinazokosekana ni ile selektini ambayo limfosaiti inaitumia kuingilia kwenye tezi. Njia tofauti kabisa na ya kifaduro na matokeo yanafanana, seli inapita mlangoni kwa tezi haishiki. Na nacho hakiumi mwanzoni, mtu anakaa nacho hadi ngozi imeliwa eneo kubwa.

Nirudi kwa kifaduro maana kuna upande mwingine wa sumu hii ambao naupenda. Wanasayansi walipojua inachofanya waliigeuza kifaa. Leo ukitaka kujua kama kipokezi fulani kinapitia kwa Gi, unazipa seli sumu ya kifaduro kidogo alafu unaangalia, kama mwitikio umepotea jibu umepata. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu seli nyeupe zinavyoganda ukutani na kutoka kwenye mshipa kimepatikana kwa kuzinyima Gi namna hiyo. Alafu ikaja chanjo. Sumu ukiiharibu kwa kemikali inakuwa chanjo, Denmark mwaka 1997 walianza kutumia chanjo ya kifaduro yenye hiyo sumu iliyozimwa peke yake, hamna kipande kingine cha bakteria. Na 1989 Mariagrazia Pizza na Rino Rappuoli kule Siena walibadilisha amino asidi mbili tu kwenye S1, fundi akaishiwa kazi huku umbo limebaki lilelile, kinga ya mwili ikiliona inajifunza vizuri.

Huku kwetu tunatumia penta, chanjo moja ya magonjwa matano, ambayo kwa upande wa kifaduro ina bakteria mzima aliyeuawa, mtoto anachomwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, Tanzania na Kenya ratiba ni hiyohiyo. Dozi moja siyo kinga kamili, inajengeka. Sasa piga hesabu mwenyewe, mtoto akizaliwa leo wiki 6 za kwanza hana kitu, na wanaokufa kwa kifaduro wengi ni wenye umri wa chini ya miezi mitatu. Uingereza mwaka 2012 walipata mlipuko, vichanga 14 wakafariki, ndo wakaanza kuwachanja wajawazito ili kinga ipite kwa mtoto tumboni. Kinga ya mama ikiwahi inaishika sumu kabla haijafika kwenye seli, Gi inabaki salama. Ile sindano ya pepopunda wanayochomwa wajawazito wetu kliniki haina kifaduro ndani yake, wengi wanadhani ni chanjo ya kila kitu, siyo. Mi ningependa sana kuona yenye kifaduro inafika kliniki zetu.

Kwa sasa anayemletea kichanga kifaduro mara nyingi ni mtu mkubwa wa nyumbani, shangazi, kaka anayetoka shule, dada wa kazi, mwenye kikohozi cha wiki tatu nne ambacho kila mtu kashakizoea. Huyo asimbebe mtoto hadi apimwe. Na kichanga wa wiki chache anaweza asitoe ule mlio wa kuvuta pumzi unaousikia kwa watoto wakubwa, anaweza asikohoe sana hata, anaacha tu kupumua kwa sekunde kadhaa, midomo inabadilika rangi, kisha anarudi. Ukiona hivyo nenda hospitali usiku huohuo, na ukifika sema kabisa kwamba nyumbani kuna mtu anakohoa muda mrefu, wala usingoje kuulizwa, maana hiyo sentensi moja inaweza kufanya daktari aandike FBP na mtu wa maabara aweke ile damu kwenye slaidi.